Mlango wa Nne wa Ukumbini

Alikuwa mwembamba kama mguu wa kamera yake, kwa hiyo waliomwita Bi Duara hawakuwa wanazungumzia umbo. Jina hilo alipewa na mafundi rangi waliomkuta siku moja katikati ya sebule tupu, akizunguka nyuma ya kamera hatua kwa hatua, kama mtu aliyeangusha hereni na anaitafuta kwa adabu. Walicheka, jina likashika, na mwaka haukuisha kabla mawakala wa nyumba hawajaanza kumwandika hivyo kwenye simu zao.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vyumba kwa mzunguko mzima, zile ambazo mtu aliye mbali anazigeuza kwa kidole akaona ukuta huu na ule, dari na sakafu, kana kwamba amesimama mle ndani. Lenzi yake ilikuwa pana, imetokeza mbele kama jicho la samaki. Chumba kimoja kilitaka picha sita za kuzunguka, moja ya juu na moja ya chini, kisha kompyuta inaziunga. Yeye hakusema kuunga; alisema kushona. Kila picha ilipaswa kulalia angalau theluthi ya mwenzake, kama vitambaa viwili vinavyopishana kabla ya kupitishwa sindano. Kompyuta hutafuta vitu vinavyofanana pande zote mbili, labda kona ya meza, swichi ya taa au doa ukutani, na hapo ndipo inapopitisha mshono. Kwa miaka kumi na moja hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi, na Bi Duara hakuwa mtu wa kuficha kwamba analijua hilo.

Waliomrudishia kazi mara ya kwanza walikuwa ndugu zake mwenyewe.

Babu yake alizaa watoto wanne na kuwajengea nyumba moja yenye ukumbi mrefu. Kwenye ukuta mmoja wa ukumbi alitoboa milango minne. Seremala alikuwa mmoja, mbao za gogo moja, vitasa vya boksi moja, na nafasi kati ya mlango na mlango ilipimwa kwa kamba ileile. Mzee hakutaka mtoto wake yeyote aje kusema kwamba mwenzake alipendwa zaidi. Vyumba navyo vilikuwa sawa kwa upana, kwa dirisha na kwa rangi. Viligawiwa kwa kura, si kwa umri, na ukitoka jikoni ilibidi uhesabu ndipo ujue umesimama mbele ya chumba cha nani.

Wa kwanza kati ya wale wanne, Baba Mkubwa, alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu aliyeishi mwendo wa siku nzima kutoka pale, nyonga ikimsumbua. Wa pili, baba yake Bi Duara, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Wa tatu alikuwa Shangazi. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, akawauguza wazazi mpaka mwisho, na sasa aliishi humo peke yake. Kitinda mimba, Baba Mdogo, alifanya kazi ng'ambo na alionekana zaidi kwenye simu kuliko kwenye viti.

Ndugu walikuwa wamekubaliana kuandika hati kwamba Shangazi atakaa katika nyumba ile maisha yake yote bila kubughudhiwa na mtu. Kilichobaki ni sahihi, na Baba Mkubwa hakuwa mtu wa kutia sahihi juu ya kitu asichokiona. Miaka thelathini ya ukaguzi ilimfundisha kwamba mwalimu mkuu akisikia mkaguzi anakuja, kitu cha kwanza ni kupaka rangi ukuta wa mbele. Alitaka kuona kila kona. Nyonga haikumruhusu kusafiri, basi akamwagiza binti wa nduguye apige picha zake zile za kuzunguka, azitume kwenye kikundi cha familia.

Bi Duara alikwenda Alhamisi. Shangazi alimpokea kwa moyo mkunjufu, lakini akamfuata nyuma chumba baada ya chumba kama askari jela. Alipotaka kuanza na baraza, Shangazi alimwomba asubiri, akatoka mbio, akarudi akihema kidogo, ndipo akamruhusu. Kabla ya jikoni, vilevile. Ukumbini Bi Duara alisimamisha kamera katikati, akazunguka, akapiga sita zake. Kisha akaingia vyumba vitatu. Kitasa cha mlango wa nne, wa mwisho kabisa, kilikataa kushuka.

Shangazi alisema kile ni chumba cha marehemu, baba yake Bi Duara, na ufunguo umepotea. Alisema hivyo akiangalia dirishani. Bi Duara alijua kwamba ufunguo wa nyumba ile haujapata kupotea hata siku moja, maana Shangazi alitembea na funguo zote kiunoni kwenye pini moja kubwa, lakini shangazi wa mtu hahojiwi. Alikunja miguu ya kamera akaaga.

Kwa kuwa ilikuwa kazi ya nyumbani, aliishona haraka haraka Jumamosi, katikati ya kazi mbili za watu wengine. Jumapili asubuhi akaituma, akaenda kufua.

Mchana alikuta jumbe saba za sauti.

Baba Mkubwa, kwa sauti ileile iliyowahi kutetemesha walimu wakuu, alisema amehesabu milango ya ukumbini mara nne. Ni mitatu. Vyumba vilivyotumwa ni vitatu. Aliomba kuelezwa, kwa ufupi na bila mapambo, mlango wake umekwenda wapi. Baba Mdogo naye alikuwa na uhakika kwamba uliotoweka ni wa kwake, kwa sababu wa kwake ulikuwa wa tatu kutoka jikoni, una mwingine baada yake, na huu wa tatu sasa ulikuwa wa mwisho. Kila ndugu aliona kwamba aliyeporwa ni yeye. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe jumbe mbili nzima kuhusu nani amedhulumiwa, kabla ya kurudi kwa mshukiwa.

"Dada ameziba chumba," Baba Mdogo alisema katika ujumbe wa tano. "Ameziba, katoboa mlango kwa nyuma, ana mpangaji. Mimi siko mbali kiasi hicho, jamani. Mambo ninayaona."

Bi Duara alifungua picha yake mwenyewe akahesabu. Mitatu. Alihesabu kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mikono ilikuwa bado na povu.

Alipiga simu kwa Baba Mkubwa kumweleza kwamba mlango upo, ni wa chumba cha marehemu baba yake, ameushika kwa mkono wake, na kama haumo kwenye picha basi ni kosa la mshono. Baba Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake halikuwa dalili njema.

"Mwanangu," alisema, "ile picha yangu ya kustaafu, sebuleni kwangu. Ukutani palikuwa na doa la maji, kubwa kama sinia. Nilikuomba uliondoe, ukaliondoa. Kweli si kweli?"

Bi Duara alikubali kwamba kweli.

"Mtu anayeweza kufuta doa anashindwa kufuta mlango? Na chumba ambacho hukukipiga, kumbe ni cha baba yako. Mmejigawia, wewe na shangazi yako. Haya, mimi nakuja Ijumaa, nyonga au si nyonga, na nakuja na mwashi. Kama mlango uko chini ya lipu, nyundo itautafuta. Na hati hiyo haitatiwa sahihi. Dada atafute pa kwenda."

Akakata simu. Kilichomuuma zaidi Bi Duara ni kwamba maneno mengine yote yalibaki mle kwenye kikundi, mbele ya wakwe na wajukuu. Mkwe wa Baba Mkubwa, meneja wa hoteli, alikuwa amemwahidi kazi ya vyumba vyake vyote. Sasa alikuwa amesoma kila kitu na hajaandika hata neno. Ilikuwa familia ambayo majirani waliitolea mfano kwa utulivu wake, na leo inazungumzia mpangaji wa siri na lipu.

Alikaa mbele ya kompyuta akafungua picha ghafi, zile sita kabla ya kushonwa. Kosa lilionekana mara moja, na lilikuwa la aibu kwa mtu wa uzoefu wake. Picha ya pili ilikuwa na mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu. Picha ya tatu ilikuwa na wa pili, wa tatu na wa nne. Ukuta ulikuwa mweupe pe, bila saa wala kalenda wala doa, na milango ilifanana kama mayai. Kompyuta ilitafuta vitu vinavyofanana, ikavipata vingi mno, ikauchukua mlango wa tatu na wa nne ikadhani ni wa pili na wa tatu. Ikailaza picha moja juu ya nyingine, ikashona. Ukuta wa mkabala ulivutwa kama mpira kufidia upungufu, lakini nao ulikuwa mweupe mtupu, nani angejua? Kazi kama ile mtu hubandika vipande vya karatasi ukutani vya kumwongoza mshonaji, halafu anavifuta baadaye. Angekuwa hotelini angebandika. Nyumbani kwao alizembea.

Aliinamia picha ya tatu aikate kipande cha mlango wa nne akitume, amalize maneno. Hapo akaacha kukata.

Chini ya mlango wa nne, mlango uliofungwa, palikuwa na jozi ya viatu. Viatu vya mwanamume, vyeusi, vya kamba, vikubwa. Vimepangwa vizuri, ncha zake zimeelekea chumbani, kama vya mtu aliyevivua akaingia.

Kompyuta ilikuwa imechukua upande usio na viatu na kuutupa wenye viatu. Bi Duara aliikuza picha mpaka ikawa viraka viraka. Hapakuwa na shaka. Alikumbuka Shangazi akitoka mbio barazani na kurudi akihema. Alikumbuka funguo kiunoni. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Kulikuwa na mtu nyuma ya ule mlango wakati yeye anatingisha kitasa, amekaa kitandani kwa baba yake, ananyamaza.

Usiku ule usingizi ulimpitia mbali. Picha moja tu ingemtoa yeye matopeni. Ukiituma, Bi Duara si mwongo, si mghushi, mlango huo hapo, na meneja wa hoteli atapiga simu. Lakini pamoja na mlango wanaviona viatu, na Shangazi wa miaka sitini na mbili, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwamkia kwa heshima, ataitwa majina kwenye kikundi chenye wajukuu. Alifikiria kuvifuta. Dakika tatu tu zingetosha, mkono wake ulikuwa mwepesi kwa hilo. Ndipo alipotambua kwamba angekuwa anafanya hasa kile alichotuhumiwa, akaondoa mkono kwenye meza.

Na katikati ya huruma hiyo alikuwa na hasira, tusifiche. Kama ni mpangaji, chumba ni cha baba yake. Mbona yeye hakuambiwa?

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Shangazi. Barazani, kando ya mkeka wa kupangusia miguu, vilikuwapo vile viatu.

"Karibu, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Hakukaribia. Alimwonyesha picha kwenye simu, akauliza viatu ni vya nani. Shangazi alivaa miwani, akatazama, akaivua. Akafunga khanga upya.

"Ni vya mlinzi wangu," alisema.

"Mlinzi gani?"

"Namba arubaini na tano. Nilimnunua mnadani kwenye mitumba, mwaka wa tatu huu. Jioni namweka nje, asubuhi nampiga rangi. Hali, hanywi, hapigi kelele. Wewe unamjua mwanamume mwingine wa namna hiyo?"

Bi Duara hakucheka. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa ukali, mzaha ulimkuta hana pa kuuweka. Shangazi akaona hivyo, akaketi kwenye ngazi ya baraza na kusema mengine kwa sauti ya chini. Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimevunjwa mlango. Mwanamke anayekaa peke yake hujulikana haraka kwamba yuko peke yake. Viatu vile vilimpa usingizi. Siku ya picha aliviondoa barazani akavipeleka jikoni, na kutoka jikoni akavificha ukumbini, kwa sababu hakutaka kaka yake na mdogo wake waone kwamba anaogopa; ilipofika zamu ya ukumbi akavisahau, akaja kuvinyakua Bi Duara alipokwisha kuingia chumba cha kwanza. Wangesema nyumba imemshinda.

"Na chumba?" Bi Duara aliuliza. Alikuwa hajaamini. Mtu mwenye jibu zuri la viatu anaweza kuwa amelipika usiku kucha, na Shangazi alikuwa mjanja wa kutosha kujua kupika.

Shangazi alifungua pini kiunoni, akachagua ufunguo bila hata kuutazama, akatangulia.

Harufu ndiyo iliyowapokea. Dari ilikuwa imeporomoka pembeni, ubao mzima umening'inia, na juu yake palionekana mbao za paa zilizooza na jicho la mwanga. Ndoo tatu na beseni zilipangwa sakafuni. Kitanda cha marehemu kilisogezwa hadi ukuta wa pili na kufunikwa turubai, na vitabu vyake vilipandishwa juu ya kabati, kimoja kimoja, vimefungwa kwenye mifuko. Bi Duara alitafuta mlango wa nyuma. Alitazama hata nyuma ya kabati, mbele ya Shangazi, bila haya. Hapakuwa na mlango wala mpangaji.

"Mvua za mwaka jana," Shangazi alisema. "Nilisema nitatengeneza taratibu kabla hawajajua. Mtu anamwomba kaka yake amwachie nyumba, halafu anamwonyesha hili? Ni mkaguzi yule. Angeniandika alama moja tu, sifuri."

"Shangazi, umeficha tundu, wao wameona chumba kizima kimetoweka."

"Mlango sikuficha mimi. Mlango umeuficha wewe na mashine yako."

Neno hilo lilikuwa kweli, na Bi Duara alilimeza. Akatoka kwenda kuchukua kamera. Shangazi aliposikia miguu ya kamera ikifunguliwa alisimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo yote miwili, akasema hapigwi mtu picha na ndoo zake. Walivutana kwa maneno robo saa nzima. Shangazi alitaka mlango upigwe umefungwa, viatu viondolewe, mambo yaishe. Bi Duara alisema Ijumaa wanakuja na nyundo. Wakikuta tundu ambalo halikuonyeshwa, hakuna atakayeamini hata kuta zilizo nzima. Mwishowe Shangazi aliteremsha mikono, akaomba jambo moja: apewe nafasi ya kumwaga maji ya ndoo na kufuta vumbi. Akapewa.

Safari hii Bi Duara alibandika karatasi kila hatua ukutani, namba moja hadi kumi na mbili, na hakuziondoa kwenye picha. Ukumbi ulitoka na milango minne, karatasi zake na viatu vyake. Chumba kilitoka na ndoo, turubai na jicho la mwanga. Alituma zote pamoja na zile ghafi za mwanzo, akaandika kwenye kikundi, mbele ya wakwe na wajukuu, kwamba mlango ulimezwa na mshono wake, kwamba fundi makini angeliona kosa lile kabla ya kutuma, na kwamba yeye hakuliona. Viatu alimwachia Shangazi avieleze, na Shangazi alivieleza kwa sentensi mbili zisizo na mzaha hata mmoja.

Meneja wa hoteli alijibu kwa kidole gumba. Kazi hakuitaja tena, si siku hiyo wala mwezi huo.

Ijumaa Baba Mkubwa alikuja vilevile. Hakuwa na mwashi, ila alikuwa na futi kamba mfukoni. Aliegemea mkongojo akapita ukumbini akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akitega sikio. Akafika kwenye mlango mmoja, akasema, "Hiki changu," akafungua. Kilikuwa cha Baba Mdogo, ndoo ya vizibo vya chupa alivyokusanya utotoni bado ipo kwenye rafu. Mzee alifunga mlango polepole, akahesabu upya kutoka jikoni, safari hii midomo ikicheza.

Katika chumba cha mwisho alisimama chini ya tundu muda mrefu. Alipima ubao ulioning'inia, akaandika kwenye daftari. Alinusa. Akauliza ni lini, na kwa nini hakuambiwa, na Shangazi akamjibu kwamba tangu wakiwa watoto yeye akiambiwa jambo huuliza kwanza nani wa kulaumiwa. Baba Mkubwa alifunga daftari. Barazani aliweka kiatu chake kando ya kile cheusi, akalinganisha.

"Huyu bwana ni mkubwa kuliko mimi."

"Ndiyo maana wanamwogopa," Shangazi alisema.

Alitia sahihi mezani jikoni, kwa kalamu yake mwenyewe, baada ya kusoma kila mstari mara mbili na kuongeza kwa mkono kwamba paa la chumba cha nne litashughulikiwa na ndugu wote. Kisha akasukuma karatasi kwa dada yake. Shangazi hakuigusa.

"Kwanza ile picha ya milango mitatu," alisema. "Ifutwe. Kwenye simu zote. Sitaki mjukuu wa mtu aje kuiokota miaka kumi ijayo aanze kuuliza nilificha nini."

Baba Mkubwa alitoa simu, akaigeuza huku na huku, ikawa wazi kwamba hajui. Bi Duara alivuta kiti kando yake akamwelekeza: bonyeza, shikilia, chagua, futa. Mzee alifuta picha mbili za wajukuu kabla ya kuifikia yenyewe. Walimpigia Baba Mdogo simu ya video, akaapa kwamba yake ameshaifuta tangu jana. Shangazi alimwambia aelekeze kamera kwenye simu yake nyingine, athibitishe. Alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaenda kuitafuta.

Wote watatu walikaa wakimsubiri, karatasi katikati ya meza, kalamu juu yake.

"Na wewe," Shangazi alimgeukia Bi Duara. "Kwenye kompyuta."

Bi Duara alikuwa hajaifuta. Alifungua mkoba, akaitoa kompyuta, akaiweka mezani mahali ambapo Shangazi angeona vizuri.